Mlango wa bibi umeenda, nyumba ya jirani imelala chini, sisi Ujiji tunasubiri nani?

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Ujiji. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua niongelee majirani kujiunga kulinda nyumba zetu za zamani, najua nafasi yenyewe ni ndogo na mi nikianza kuandika sijui kuacha, mtapunguza wenyewe mkiona nimezidisha.

Masika ya mwaka huu nyumba ya jirani yetu imelala chini. Hakuna mtu aliyeibomoa, imelala yenyewe saa tisa usiku mvua inanyesha, ukuta wa mbele ulitangulia alafu paa likaufata, na bahati wenyewe walikuwa wamelala chumba cha uani. Asubuhi watu wamejaa, kila mtu na simu yake, na maneno yale yale, serikali iko wapi, wahusika wako wapi, nyumba kama hii ilikuwepo hata kabla ya reli. Mi nimesimama pale na ndala zangu kwenye tope nikawa najiuliza, sisi wote hapa tumepita mbele ya nyumba hii kila siku, tukauona ule ufa unaanza kama uzi, ukawa kama kidole, ukafika mahali mjusi anaingia na mkia wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupiga hodi akauliza jamani vipi huo ukuta. Yaani tulikuwa tunausalimia tu.

Ila kabla sijalaumu watu niseme la kwangu kwanza.

Nyumba ya bibi yangu mzaa baba ni zile za Ujiji ya zamani kabisa, baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani mwembe. Mlango wa mbele ulikuwa wa mbao mbili, una mfaa katikati na miimo imechongwa maua mpaka chini, kizingiti cha juu kina maandishi ya Kiarabu ambayo babu alikuwa anatusomea kila Idi kama vile hatujawahi kuyasikia. Bibi alipofariki warithi tukawa wengi, wengine Dar, wengine Mwanza, mmoja yuko Bujumbura, na nyumba ya warithi wengi si mnaijua ilivyo, kila mtu ni yake na hakuna anayenunua hata msumari. Akaja jamaa mmoja na pikapu. Maneno matamu, shikamoo nyingi, anasema atatuwekea geti la chuma jipya na laki mbili juu. Baba mkubwa akapiga simu huko na huko, ndani ya siku moja jibu likatoka, toeni. Mhariri, ule mlango tuliubeba watu wanne na mi nilikuwa mmoja wao. Nilishika upande wa chini. Nikapewa na soda.

Nimekuja kujua baadaye sana, kwenye semina ya walimu wala sio ya mambo haya, kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja kabisa mlango wa mbao uliochongwa kabla ya 1940 kuwa ni kitu kinacholindwa, sio cha kupakia kwenye pikapu kama gunia la mkaa ukasafirisha unakotaka. Kumbe tulikuwa na sheria tangu miaka hiyo! Ila sheria iko kwenye kabrasha, kabrasha liko kwenye kabati, na mwenye pikapu yuko mlangoni. Katikati ya kabati na mlango hakukuwa na mtu. Na hapo katikati ndo hoja yangu ilipo leo, maana huyo mtu hawezi kuwa afisa anayetoka mbali, lazima awe jirani, na jirani peke yake watamwambia ana wivu au anataka nyumba ya watu, kwa hiyo inabidi majirani wawe kikundi.

Wasomaji wa mbali mnaweza kujiuliza Ujiji kuna nini cha kulinda zaidi ya ile sehemu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871. Ile ipo, ina uzio, ina mnara, ina miembe, watoto wa shule wanapelekwa, sina ugomvi nayo. Lakini ukitoka tu nje ya geti lile umeingia kwenye mji wenyewe ambao hao wazungu waliukuta tayari, Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika hapa 1858 wakakuta watu na biashara zao, misafara ya pembe na ya watumwa, wenyeji, Waswahili na Waarabu wa pwani, Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa. Serikali yetu ilipopeleka UNESCO mwaka 2006 orodha ya mapendekezo ya ile njia ya kati ya watumwa na pembe, ilianza Bagamoyo ikapita Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara kule Tabora, ikaishia hapa Ujiji. Sasa ni mji tuliouandika, sio ule mnara peke yake. Mzungu mmoja mgonjwa aliyekaa kwetu kwa muda ana uzio, na waliompokea hawana hata bati zima.

Na nyumba zetu zilibaki kwa sababu ya ajabu kidogo. Wajerumani walipofikisha reli ziwani mwaka 1914 waliipeleka Kigoma kwenye ghuba yenye kina, sio Ujiji, basi bandari ikawa Kigoma, ofisi zikawa Kigoma, hela ikahamia Kigoma, Ujiji tukabaki pembeni na nyumba zetu kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hela ya kuzibomoa. Umaskini ndo uliotulindia. Sasa hivi hela imeanza kuja, hata sio nyingi, hela ndogo ndogo hizi za fremu mbili tatu za maduka, na hiyo ndogo ndo inayobomoa kuliko tingatinga.

Fremu kwanza. Mtu anakata baraza, anajenga fremu ya bloku pale mbele, duka la vocha au saluni, kodi inaingia kila mwezi, nani atamlaumu? Ila baraza la nyumba ya udongo, mbali na kukaa wazee na kahawa, ni mwavuli. Upenu ule mpana unazuia mvua isipige ukuta na matone yasiruke kutoka chini yakala msingi. Ukikata baraza upande mmoja, upande uliobaki unaoga kila masika. Nyumba ya jirani yangu iliyoanguka ilikatwa baraza, na ufa ulianzia kwenye kona ile ile.

Alafu simenti. Hapa naomba nikae kidogo maana watu wengi tunaua nyumba tukidhani tunaipendezesha. Tofali mbichi za udongo zinavuta maji na kuyatoa, zinahema, usiku unyevu unaingia mchana unatoka. Ukizipiga plasta ya simenti umezifunga nailoni. Simenti ni ngumu udongo ni laini, joto likija haviendi pamoja, plasta inapasuka vinyufa vidogo, maji yanaingia na njia ya kutokea hamna. Nje unaona ukuta mweupe mzuri umepakwa rangi ya mtandao wa simu, ndani kunaoza kimya kimya.

Nililiona hili kwa macho yangu kwenye nyumba ya mama mmoja mjane mtaa wa nyuma yetu. Tulimpeleka fundi, mzee wa Rusimbi ambaye hajui kusoma ramani ila ukuta anausoma. Akageuza nyundo akagonga ile plasta na mpini, ikalia ko ko ko kama mtungi mtupu. Akasogea hatua moja akagonga tena, ko ko ko. Akachomeka patasi akabandua kipande kikubwa kama sinia, kikatoka chenyewe hata hakikushikwa na kitu, na nyuma yake udongo umelowa tepetepe, unachotwa kwa vidole, na kamba ya mchwa imepanda mpaka dirishani. Mama wa watu akashika kichwa, plasta ile alikopa kwenye vikoba kuipiga, tena miaka minne tu iliyopita. Tukabandua yote mpaka usawa wa kifua, tukaacha ukuta ukauke wiki mbili za jua, fundi akachanganya udongo wa kichuguu na mchanga, akalaza siku tatu akiukanyaga kila asubuhi kama mtu anayefanya mazoezi, akapiga, akamalizia chokaa. Na bati chache za kurudisha upenu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walichota maji, kinamama wakaleta ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, hela iliyotumika haifiki hata kamati ya sendoff ya kawaida. Masika hii imepita nyumba imesimama na kwa ndani amesema hata baridi imepungua.

Hicho kikundi chetu hakina jina mpaka leo. Kilianza msibani, yaani kwenye matanga ya mzee mmoja, watu tumekaa barazani tukaanza kuhesabu nyumba zilizoondoka tangu tukiwa wadogo, tukaona ni nyingi kuliko zilizobaki. Tupo kidogo tu, mstaafu wa reli mmoja, mama anayeuza dagaa Kibirizi, fundi huyo, imamu wetu, mwalimu ambaye ndo mimi, na kijana mmoja wa stationari anayetusaidia kupiga picha na kuprinti. Tulichofanya cha kwanza ni kununua kaunta buku. Tunapita nyumba kwa nyumba tunaandika, hii ya nani, warithi wako wapi, anakaa nani, paa la nini, mlango wa zamani upo au ulishaenda, ukuta unaumwa wapi. Mwanzoni walidhani sisi ni madalali, mzee mmoja alitufukuza na fimbo kabisa, baadaye akatuita mwenyewe tuje tuandike yake maana ya jirani tumeiandika.

Hiyo kaunta buku imefanya kazi kuliko nilivyotegemea. Mwenye pikapu amerudi mtaani mwaka jana, sijui ni yule yule au mwingine, wanafanana tu hawa, akamtongozea bibi mmoja mlango, kabla hajamaliza chai mama wa dagaa ameshapita na kutuma ujumbe kwenye grupu, tukafika watu sita tukakaa naye pale barazani kwa heshima zote tukamuuliza kibali chako kiko wapi kaka. Hakugombana na mtu. Alimaliza chai akaondoka. Mlango upo.

Kuna kazi nyingine haionekani, ya warithi. Nyumba nyingi hapa haziangushwi na mvua, zinaangushwa na simu zisizopokelewa. Wa Dar anataka kuuza, wa Mwanza anataka kupangisha, anayekaa ndani anaogopa kukarabati asije akaambiwa amejimilikisha. Sisi tunachofanya ni kukaa nao, imamu anasaidia sana hapo, tunawaambia huyu akiziba paa hajachukua nyumba, tuandikishane kwa mwenyekiti wa mtaa kuwa gharama ni hii na itahesabiwa siku ya kugawana. Karatasi moja tu. Hapo nakiri kwenye familia yetu wenyewe bado haijasainiwa, mwalimu nyumba yake inavuja.

Kijana mmoja aliniambia hivi, mwalimu nyie mnataka tubaki kwenye udongo ili watalii wapige picha, wewe mwenyewe unalala nyumba ya bloku. Na ni kweli nalala nyumba ya bloku, Mwanga kule, nyumba ya bibi naenda mchana. Sikuwa na jibu zuri na bado sina lote. Ninachojua ni kwamba huwezi kwenda kwa mjane na hotuba ya urithi wa taifa, nenda na bati. Kikundi kisichoweza kuleta hata bati tatu hakina haki ya kumwambia mtu asijenge fremu. Na mwenye kutaka choo cha ndani, umeme, vigae, aweke, nyumba za Ujiji zimebadilishwa kila kizazi, za makuti zikawa za bati na hakuna aliyelia.

Wengine wakisikia vyama vya kulinda majengo wanasema ni mambo ya wazungu waliokosa kazi. Haya, tuwaangalie hao hao. Uingereza vyama vya wakazi wa mji vilikuwa vingi mpaka mwaka 1957 mwanasiasa mmoja Duncan Sandys akaanzisha Civic Trust ya kuviunganisha, na mwaka 1967 huyo huyo akapitisha bungeni sheria iliyozipa halmashauri uwezo wa kutangaza eneo zima la mji kuwa la hifadhi, sio jengo moja moja. Mi naona hiyo ndo inayotufaa, maana Ujiji ukiichukua nyumba moja moja utaambiwa hii ni kibanda tu, ila simama mwanzo wa mtaa uangalie mabaraza yanavyofuatana, hapo ndo utaelewa tunachosema. Na kabla ya hapo walishajifunza kwa uchungu, London walikuwa na lango kubwa la mawe kwenye stesheni ya Euston, watu wakapiga kelele, likabomolewa tu 1961 mpaka 62. Ilipofika zamu ya stesheni ya jirani, St Pancras, wakazi na akina John Betjeman yule mshairi walikuwa wameshajipanga, 1967 ikaingizwa daraja la juu la ulinzi, na tangu 2007 treni za kwenda Paris zinaondokea pale pale.

Nimeitaja stesheni makusudi. Mkataba wa reli ya kisasa Tabora mpaka Kigoma ulisainiwa Desemba 2022, na kama ilivyokuwa Dar, Morogoro na Dodoma, treni mpya inakuja na stesheni yake mpya. Tunaitaka hiyo treni, tena ichelewe kidogo tu tutaandamana. Ila ile stesheni yetu ya Mjerumani pale Kigoma, na matao yake, barabara ya mjini ikishuka inaishia mlangoni pake, itakuwa nini siku abiria wakihama? Ghala? Mstaafu wetu wa reli anasema jengo la stesheni halifi kwa kubomolewa, linakufa siku ile wakizima taa na kuondoa mlinzi, kesho yake madirisha yameanza kutoka. Majengo ya umri huo hayalindwi yenyewe tu, inabidi Waziri atangaze kwenye Gazeti la Serikali, na Waziri hawezi kutangaza kitu ambacho hakuna mtu wa Kigoma amemwandikia. Tumeanza kuandika. Barua ya kwanza ofisi moja ilitupeleka kwa nyingine na hiyo nyingine ikaturudisha, sawa, tumetoa kopi tatu.

Na msidhani ukishaingia orodha ya dunia umepona. Mji Mkongwe Zanzibar uko UNESCO tangu 2000 na wana mamlaka yao kabisa, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la masultani, ilianguka ikaua watu wawili, ilhali ukarabati unaendelea. Sisemi kwa kuwacheka, nasema kwa hofu. Meli yetu ya Liemba, ya hapa Ziwa Tanganyika, ilizamishwa 1916, ikaja kuibuliwa 1924, 1927 ikarudi kazini kubeba watu, chuma kinavumilia. Udongo ukishalala usiku mmoja asubuhi unaupakia kwenye toroli.

Sasa nitaje na ubaya wetu ili msije mkadhani nauza kitu. Vyama vya hivi vinaharibika haraka. Kikianza na fulana na bango ujue kimekwisha, kikipata mfadhili kabla hakijapata kaunta buku ujue mikutano itahamia hotelini na posho itakuwa agenda namba moja. Kuna kimoja nilikuwa mwanachama zamani, sitaki kukitaja, tulifanya warsha tatu za urithi na hatukuwahi kupanda juu ya paa la mtu hata mara moja. Bora kikundi cha watu saba wanaojua ngazi iko kwa nani.

Ombi letu kwa halmashauri ni dogo mno. Matangazo ya kubadili matumizi ya kiwanja na maombi ya vibali vya kujenga Ujiji, nakala moja iletwe ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, kwa herufi zinazosomeka, sio yale matangazo ya gazetini (samahani Mhariri) yenye maandishi kama sisimizi. Tukijua mapema tunaenda kuongea na mwenye nyumba kabla fundi hajashika nyundo, mara nyingi inatosha kumwonyesha fremu inaweza kwenda ubavuni na baraza likabaki. Na wenzetu wa Tabora mlioko karibu na tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale, kama na nyie mna kaunta buku yenu tuambieni mnaandikaje, sisi ya kwetu imeshajaa na hatujui ya pili tuipange kwa mitaa au kwa koo.

La mwisho ni la binafsi, mniruhusu. Mlango wa bibi nasikia ulipita Dar, na milango kama ile huwa inageuzwa meza ya kioo au inasimamishwa ukutani kwenye hoteli. Mtu akiuona, ubao wa kushoto kwa ndani, chini ya komeo, kuna mistari ya kisu imepangwa kama ngazi, bibi alikuwa anatupima urefu kila baada ya Ramadhani. Mstari wa tatu kutoka chini ni mimi. Wa nne ni mdogo wangu, alinipita mwaka ule na bado ananikumbusha.

Ni mimi,
Mwalimu wa Ujiji,
Kigoma